Bibi Shifaa bint Abdillahi: Mwalimu wa Madina na Mwangalizi wa Soko

Majina ya wanawake wakubwa wa karne ya kwanza ya Uislamu yanajulikana na kila mtoto wa chuoni: Bibi Khadija, Bibi Aisha, Bibi Fatuma, Bibi Hafsa. Jina la Bibi Shifaa bint Abdillahi halitajwi sana kama hayo, na likitajwa hutajwa kwa jambo moja, nalo ni kwamba Sayyidna Umar bin Khattab alimwaminisha mambo ya soko la Madina. Wako waliolisikia jambo hilo wakalikuza mpaka likapita mipaka yake, na wako waliolisikia wakalikanusha. Walakini maisha ya bibi huyu hayakuanza sokoni. Alifika huko baada ya miaka mingi ya elimu, ya kuhama, ya kufundisha na ya kusema kweli. Wala mtu hawezi kufahamu kwa nini alipewa amana ile mpaka aijue njia aliyoipita.

UKOO WAKE

Baba yake alikuwa Abdullahi bin Abdi Shams, wa ukoo wa Banu Adi katika Makureshi, na mama yake alikuwa Fatima bint Wahb, wa Banu Makhzum. Wapo wanavyuoni waliosema kuwa jina lake la kuzaliwa ni Laila, na kwamba Shifaa, maana yake poza, ni lakabu iliyolishinda jina. Banu Adi ndio ukoo wa Sayyidna Umar. Hawakuwa na mali nyingi kama Banu Makhzum wala nguvu kama Banu Umayya, lakini Makureshi walikuwa wakiwatuma watu wa ukoo huo kuwa wajumbe na wasuluhishi, ukitokea ugomvi baina yao na makabila mengine. Kwa hiyo Bibi Shifaa alilelewa katika nyumba ambamo maneno yalipimwa kabla ya kusemwa.

Aliolewa na Abu Hathma bin Hudhaifa, mtu wa ukoo wake mwenyewe, akamzalia mtoto mwanamume aliyeitwa Sulaiman. Alikuwa pia na binti aliyeolewa na Shurahbil bin Hasana, yule aliyekuja kuwa mmoja wa majemadari waliotumwa Sham na Sayyidna Abubakar.

Alisilimu Makka kabla ya Hijra, wakati ambao kusilimu kulikuwa ni kujitafutia taabu. Alimpa Mtume (s.a.w.) ahadi ya utii, kisha akahama kwenda Madina, naye akahesabiwa katika Muhajirina wa mwanzo. Cheo hicho hakikuwa cha maneno matupu. Katika zama za Makhalifa wa kwanza, watu walipangwa kwa utangulizi wao katika dini kabla ya kupangwa kwa mali zao, na Bibi Shifaa alikuwa na utangulizi huo.

ELIMU YAKE

Mwanahistoria Baladhuri, aliyefariki mwaka 279 wa Hijra (892), ameeleza kuwa Uislamu ulipokuja, wanaume wa Kikureshi waliojua kuandika walikuwa 17. Hesabu hiyo ni ndogo sana kwa mji wa biashara uliokuwa ukipeleka misafara Sham na Yemen. Ikiwa hali ya wanaume ilikuwa hiyo, ya wanawake ilikuwa haba zaidi. Katika wanawake wachache aliowataja Baladhuri kuwa walijua kuandika, Bibi Shifaa yumo, naye alijifunza tangu zama za ujahili.

Ujuzi wake wa pili ulikuwa tiba. Alijua zinguo la ugonjwa uitwao namla, nao ni vipele vitokavyo ubavuni, na mgonjwa huhisi kama sisimizi wanamtambaa na kumuuma. Alikuwa akiutibu ugonjwa huo kabla ya kusilimu. Alipohamia Madina hakuendelea na tiba yake kwa mazoea tu, wala hakuiacha kwa hofu. Alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) akamweleza zinguo lake lilivyo, ili ajue kama linafaa katika dini au halifai. Mtume akamruhusu.

Katika khabari hiyo hiyo, iliyopokewa na Abu Daudi, limo jambo kubwa zaidi. Mtume (s.a.w.) aliingia siku moja akamkuta Bibi Shifaa yuko kwa Bibi Hafsa, akamtaka amfundishe mkewe zinguo la namla kama alivyomfundisha kuandika. Kwa maneno hayo machache tunajua kuwa Bibi Shifaa alikuwa mwalimu wa Bibi Hafsa, binti wa Sayyidna Umar, aliyeolewa na Mtume mwaka wa 3 wa Hijra. Tunajua pia kuwa Mtume aliyajua mafundisho hayo na akayaridhia, tena akataka yaongezwe. Wanavyuoni wengi wameitumia khabari hii kuwa ni dalili ya kujuzu kuwafundisha wanawake kuandika, na wale waliotaka kulizuia jambo hilo walipata taabu kuijibu.

Mafundisho yale yalizaa matunda. Baada ya vita vya Yamama, Sayyidna Abubakar aliamrisha Qurani ikusanywe katika kurasa. Kurasa hizo zilikaa kwake, kisha kwa Sayyidna Umar, na baada ya Sayyidna Umar kufariki zilihifadhiwa na Bibi Hafsa. Sayyidna Uthman alipotaka kuandika misahafu ya kupelekwa katika miji, alimtuma mtu kwa Bibi Hafsa kuziazima, kisha akamrudishia. Basi mwanamke aliyeaminiwa amana iliyo kubwa kuliko zote katika umma huu alikuwa ni mwanafunzi wa Bibi Shifaa.

NYUMBA YAKE MADINA

Mtume (s.a.w.) alimpa Bibi Shifaa nyumba mahali palipoitwa Hakkakina katika mji wa Madina, akakaa hapo pamoja na mwanawe Sulaiman. Mtume alikuwa akimzuru, na pengine akipumzika kwake wakati wa adhuhuri. Bibi Shifaa alimwekea tandiko na shuka maalumu ya kulalia. Vitu hivyo vilibakia kwa watoto na wajukuu wake kuwa ni kumbukumbu, hata Marwan bin Hakam alipovichukua kwao.

Isidhaniwe kuwa heshima hiyo ilimtajirisha. Imepokewa kuwa siku moja alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) kumwomba msaada, na Mtume akawa hana cha kumpa, akimtaka radhi, naye bibi akawa akimlaumu. Wakati wa sala ulipofika alitoka akaenda kwa binti yake, akamkuta mkwewe Shurahbil amekaa nyumbani na ilhali watu wanasali. Akaanza kumkaripia. Shurahbil akamwomba asimlaumu, akamweleza kuwa walikuwa na nguo moja tu, na Mtume ameiazima kwenda nayo kusalisha. Hapo Bibi Shifaa alifahamu hali ya Mtume ilivyokuwa tangu asubuhi na yeye akimlaumu bila kujua, akajuta sana. Khabari hii inaonyesha tabia yake pande zote mbili: hakumwogopa mtu katika kusema, wala hakuona haya kujilaumu alipokosea.

SOKO LA MADINA

Ili kuifahamu kazi aliyopewa baadaye, ni lazima kulijua soko lenyewe. Waislamu walipohamia Madina mwaka 622, walikuta biashara kubwa ya mji iko katika soko la Mayahudi wa Banu Qainuqai. Mtume (s.a.w.) akawachagulia Waislamu mahali pa soko lao wenyewe, akaagiza wasitozwe ushuru hapo. Soko hilo lilikuwa uwanja, si majumba. Hapakuwa na mwenye kibanda chake. Kanuni iliyojulikana baadaye kutoka kwa Sayyidna Umar ni kwamba mahali pa sokoni ni kama mahali pa msikitini: aliyetangulia ndiye mwenye haki napo mpaka aondoke. Kwa kanuni hiyo tajiri hakuweza kuuhodhi uwanja akamfungia maskini njia ya riziki.

Palipo na uwanja wa namna hiyo hapakosi ugomvi na hila. Mtume mwenyewe alipita siku moja akatia mkono wake katika lundo la nafaka, vidole vyake vikakuta unyevu chini yake. Alimuuliza mwenye mali, akajibiwa kuwa ni mvua. Mtume akamwamrisha aweke juu kilichorowa ili watu wakione, akabainisha kuwa mwenye kughushi si katika Waislamu wema. Na Qurani ilikwisha kuwaonya vikali wale wanaopunja vipimo, ambao wakijipimia hutaka kujaza, na wakiwapimia wengine hupunguza. Kwa hiyo kulinda pishi na mizani hakukuwa jambo la dunia tu. Ilikuwa ni sehemu ya dini.

Mtume (s.a.w.) hakuiacha kazi hiyo bila ya watu. Baada ya kufunguliwa Makka mwaka wa 8 wa Hijra, alimweka Said bin Said bin Al-As kuangalia soko la huko. Imeandikwa pia kuwa bibi mmoja sahaba, Samra bint Nuhaik, alikuwa akizunguka masokoni, amejifunika vizuri, na mkononi ana mjeledi, akiamrisha mema na kukataza maovu. Kwa hivyo watu wa zama hizo hawakustaajabu kumwona mwanamke akitoa amri sokoni.

Sayyidna Umar alitawala tangu mwaka 13 mpaka mwaka 23 wa Hijra (634–644), na katika miaka hiyo soko la Madina lilikua kwa namna isiyojulikana mbele yake. Nchi za Sham, Iraki na Misri zilifunguliwa. Ngano, mafuta na nguo zikaletwa na wafanya biashara wa mbali wasiojulikana na watu wa mji. Sayyidna Umar mwenyewe alikuwa akizunguka sokoni na bakora yake ndogo. Alimpiga mwenye ngamia aliyempakia mnyama wake mzigo asioweza. Alikataza maziwa yasichanganywe na maji. Aliagiza asiuze katika soko lao ila mtu anayejua hukumu za dini katika biashara. Alimpitia Hatib bin Abi Baltaa akiuza zabibu kwa bei ya chini mno, akamtaka apandishe bei au aondoke. Na katika mapokezi mengine imesemwa kuwa baadaye alirudi nafsini mwake, akamwendea Hatib nyumbani kwake akamwambia kuwa lile halikuwa amri, na auze apendavyo.

Lakini mtu mmoja hawezi kuangalia dola nzima na uwanja mzima wa soko. Sayyidna Umar aliwaweka wasaidizi. Saib bin Yazid ameeleza mwenyewe kuwa katika zama za Umar alifanya kazi katika soko la Madina pamoja na Abdullahi bin Utba bin Masud, wakipokea ushuru wa wafanya biashara wa Kinabati waliokuja na bidhaa zao kutoka nje. Na katika wasaidizi hao akatajwa Bibi Shifaa.

KAZI ALIYOPEWA

Hafidh Ibn Abdil-Barr wa Andalusi, aliyefariki mwaka 463 wa Hijra (1071), na baada yake Hafidh Ibn Hajar wa Misri, aliyefariki mwaka 852 (1449), wameandika mambo mawili juu ya Bibi Shifaa na Sayyidna Umar. La kwanza ni kwamba Umar alikuwa akiitanguliza rai yake, akimridhia na kumfadhilisha. La pili ni kwamba pengine alimtawalisha jambo katika mambo ya soko. Maneno hayo yamepimwa vizuri, na inafaa yachukuliwe kama yalivyo. Hayasemi kuwa alikuwa liwali wa mji, wala kuwa soko lote lilikuwa chini yake siku zote. Yanasema kuwa lilipotokea jambo la soko lililohitaji mtu wa kuaminiwa, Khalifa alimpa mamlaka ya kulitazama.

Wakati ule kazi hiyo haikuwa na jina kubwa. Mwenye kuifanya aliitwa mwenye soko au mtumishi wa soko. Baadaye, katika dola ya Bani Abbas, iliitwa hisba na mwenye kuifanya akaitwa muhtasib. Imamu Mawardi, aliyefariki mwaka 450 (1058), aliieleza vizuri katika kitabu chake cha hukumu za utawala. Alisema kuwa muhtasib amesimama baina ya kadhi na mwenye nguvu za dola. Kadhi husubiri aletewe mashitaka, kisha husikiliza mashahidi na viapo. Muhtasib hasubiri. Huzunguka mwenyewe, akatazama mizani, pishi, ubora wa chakula, njia zilizozibwa na wanyama waliopakiwa kupita kiasi. Lakini hukumu yake ni katika mambo yaliyo wazi tu. Likiwapo jambo linalokanushwa na kuhitaji ushahidi, hulipeleka kwa kadhi. Wala hana ruhusa ya kupeleleza majumbani mwa watu kutafuta siri zao.

Kazi kama hiyo yataka sifa tatu. Ya kwanza ni elimu, kwani asiyejua hukumu ya riba na ya kughushi atamwadhibu asiye na kosa na kumwacha mkosa. Ya pili ni uaminifu, kwani mwenye mizani mbovu ndiye wa kwanza kuleta zawadi. Ya tatu ni uthabiti wa moyo, kwani mfanya biashara mkubwa hapendi kukemewa mbele ya wateja wake. Bibi Shifaa alikuwa nazo zote. Alijua kusoma na kuandika katika mji ambao wenye ujuzi huo walikuwa wachache. Hakuwa na biashara kubwa wala ukoo wa matajiri wa kuwapendelea. Na nyumba yake ilikuwa baina ya soko na msikiti, karibu na kelele za wauzaji, hata mambo ya soko yalimfikia kabla hayajafika kwa Khalifa.

RAI YAKE MBELE YA KHALIFA

Mjukuu wake, Abubakar bin Sulaiman, amesimulia kuwa Sayyidna Umar alikuwa akiingia sokoni humpitia bibi yake nyumbani. Imamu Malik amepokea khabari ya mojawapo ya mapito hayo. Umar alimkosa Sulaiman bin Abi Hathma katika sala ya alfajiri. Asubuhi alipokwenda sokoni akampitia Bibi Shifaa, akamwambia kuwa hakumwona mwanawe katika sala. Bibi Shifaa akamjibu kuwa kijana alikesha usiku akisali, macho yakamshinda. Umar akasema kuwa kuhudhuria sala ya alfajiri pamoja na jamaa ni bora kwake kuliko kusimama usiku kucha. Mama hakudanganya ili kumsitiri mwanawe, na Khalifa hakuficha rai yake ili kumpendeza mama. Uaminifu wa namna hii baina ya watu wawili ndio uliomfanya Umar amtegemee.

Wala uhusiano wao haukuwa wa kukubaliana katika kila jambo. Siku moja Umar alimwita aje kwake asubuhi. Alipofika akamkuta Atika bint Asid, bibi wa Kikureshi aliyesilimu baadaye, yuko mlangoni. Wakaingia pamoja, wakazungumza. Kisha Umar akaletewa nguo akampa Atika, na nyingine iliyo duni kuliko ile akampa Shifaa. Bibi Shifaa hakunyamaza. Alimkumbusha Khalifa kuwa yeye ametangulia kusilimu, tena ni wa ukoo wake, na kwamba yeye ameitwa, na mwenziwe amekuja mwenyewe. Umar akakiri kuwa ile nguo bora alikuwa amemwekea yeye, lakini walipokutana alikumbuka kuwa Atika yuko karibu zaidi na Mtume (s.a.w.) kwa nasaba, akaona aitangulize jamaa ya Mtume mbele ya jamaa yake mwenyewe. Hivyo ndivyo Umar alivyokuwa: jamaa zake ndio waliokuwa wa kwanza kunyimwa. Na Bibi Shifaa naye alikuwa mwanamke awezaye kumwuliza mtawala wa Sham na Iraki hesabu ya nguo moja, akajibiwa kwa hoja bila ya kukaripiwa.

Haya yanaafikiana na mwendo wa Umar kwa jumla. Ibn Sirin ameeleza kuwa Umar alikuwa akitaka shauri hata kwa wanawake, na akiona katika kauli ya mwanamke jambo la kufaa, hulitwaa. Alimwuliza binti yake Hafsa ni muda gani mke aweza kuvumilia bila ya mumewe, na kwa jibu lake akaweka mpaka wa miezi ambayo askari hatakaa vitani kupita huo.

Bibi Shifaa ndiye pia aliyehifadhi khabari ya asili ya jina Amirul-Muuminina. Khalifa Umar bin Abdil-Aziz alimwuliza mjukuu wake, Abubakar bin Sulaiman, ni nani wa kwanza kuliandika jina hilo. Abubakar akasimulia aliyoyasikia kwa bibi yake. Umar bin Khattab alimwandikia liwali wa Iraki amletee watu wawili hodari wa kumpa khabari za nchi. Wakaletwa Labid bin Rabia na Adi bin Hatim. Walifunga ngamia wao mbele ya msikiti, wakaingia, wakamkuta Amr bin Al-As, wakamwomba awatakie ruhusa kwa Amirul-Muuminina. Neno lile likampendeza Amr, kwani Umar ni Amiri na wao ndio waumini. Akaingia kwa Umar akamwita kwa jina hilo, naye Umar akamtaka aeleze alikolipata. Tangu siku hiyo likaandikwa katika barua za dola. Khabari hii imo katika kitabu cha Imamu Bukhari cha adabu, na asili yake ni bibi aliyekaa kando ya soko akiyaona mambo ya utawala kwa macho yake.

UBISHI WA WANAVYUONI

Jambo la Bibi Shifaa na soko halikupita bila ya ubishi. Imamu Ibn Hazm wa Andalusi, aliyefariki mwaka 456 (1064), alilitumia kuwa ni hoja kwamba mwanamke aweza kupewa mamlaka ya kuhukumu. Alipokumbushwa hadithi ya watu wasiofaulu kwa kumtawalisha mwanamke, hadithi iliyosemwa Waajemi walipomweka binti wa Kisra kuwa malkia, alijibu kuwa hiyo ni katika ukhalifa wa umma mzima, si katika kila kazi. Kadhi Abubakar Ibn Al-Arabi, naye wa Andalusi, aliyefariki mwaka 543 (1148), aliikataa khabari yenyewe kwa ukali, akasema si sahihi. Wengi katika wanavyuoni walikuwa na rai iliyo karibu na yake katika mambo ya kuhukumu. Imamu Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 150 (767), alikuwa na kauli ya katikati: mwanamke aweza kuhukumu katika mambo ambayo ushahidi wake unakubaliwa, na katika hayo yamo mambo ya mali.

Aliyeisoma sira ya Bibi Shifaa ataona kuwa ubishi huu, hata ukiachwa kama ulivyo, hauwezi kumwondolea yaliyothibiti. Hakuna aliyebisha kuwa alimfundisha Bibi Hafsa kuandika. Khabari ya Umar kumpitia akienda sokoni imepokewa na Malik na Bukhari katika vitabu vyao. Na waandishi wa tabaka za Masahaba wameafikiana juu ya akili yake na fadhila zake. Kazi ya sokoni ikiwekwa pembeni ya mambo hayo haiwi jambo la ajabu. Inakuwa ni kitu kilichotarajiwa kutoka kwa Khalifa aliyetafuta watu kwa sifa zao.

JAMAA YAKE BAADA YAKE

Sulaiman, yule kijana aliyelemewa na usingizi baada ya kukesha, alikuwa mtu mwema aliyehesabiwa katika wakubwa wa Tabiina. Sayyidna Umar alimpa naye kazi katika soko la Madina. Na alipopanga sala ya tarawehe katika mwezi wa Ramadhani, Sulaiman alikuwa katika maimamu wake, akiwasalisha wanawake. Hivyo amana ya soko ilipita kwa mama na kwa mwana. Elimu nayo ilipita kwa wajukuu: Abubakar na Uthman, watoto wa Sulaiman, wamo katika wapokezi wa hadithi zake.

Imepokewa kutoka kwake kuwa siku moja aliwaona vijana wakienda polepole na kusema kwa sauti ya chini. Akauliza ni watu gani, akaambiwa kuwa ni wacha Mungu. Bibi Shifaa akawaeleza kuwa Umar alipotembea alikwenda mbio, alipozungumza alisikika, na alipopiga aliumiza. Naye ndiye aliyekuwa mcha Mungu wa kweli. Hakutaka wadhani kuwa dini ni unyonge wa mwili na sauti. Alimjua mtu ambaye ucha Mungu wake ulionekana katika pishi iliyojaa, katika maziwa yasiyotiwa maji na katika ngamia asiyelemewa na mzigo.

Huyo ndiye Bibi Shifaa bint Abdillahi: mwandishi katika watu wasioandika, mhajiri, tabibu, mwalimu wa Mama wa Waumini, mshauri wa Khalifa na mwangalizi wa haki za wanunuzi na wauzaji. Hakuomba cheo. Alijifunza, akafundisha, akasema kweli mbele ya mkubwa na mdogo, na amana zikamfuata. Mwenyezi Mungu amrehemu na amridhie, na awajaalie watoto wetu, wa kike na wa kiume, sehemu ya elimu yake na uthabiti wake. Amin.